Ulevi wa Kambini Hautibiwi kwa Rungu

Msomaji wetu wa visiwani huenda akastaajabu kuiona safu hii leo ikivuka bahari, ikapita Dodoma na Tabora, na kwenda kutua katika nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma, kwenye wilaya za Kasulu na Kibondo. Atauliza: ya kwetu hatujayamaliza, ya Kasulu yatuhusu nini? Swali hilo ni la haki, nasi hatuna budi kulijibu kabla ya kuendelea.

Yanatuhusu kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba sisi wa Unguja na Pemba tumekwisha kulipa karo kubwa katika shule ya uraibu. Tangu heroini ilipoanza kuingia visiwani katika miaka ya 1980, tumewaona vijana wetu wakiisha mbele ya macho yetu. Tumewapiga, tumewafunga, tumewasomea, tumewafungia vyumbani. Na mwisho wa yote tukajifunza, polepole na kwa machozi, kwamba mtu hatoki katika unga kwa sababu ametishwa. Ya pili ni kwamba nasi tunaujua ukimbizi. Baada ya machafuko ya Januari 2001, watu wapatao elfu mbili wa Pemba walivuka kwa vyombo hadi Shimoni, pwani ya Kenya, wakawa wakimbizi wanaongoja kugawiwa chakula. Aliyewahi kuipanga foleni ile hahitaji kuelezwa na mtu jinsi inavyomfanya mtu mzima ajione mtoto.

Kwa hiyo tunaposema juu ya pombe katika kambi na vijiji vya Kigoma, hatusemi kama watazamaji waliokaa barazani. Tunasema kama jirani aliyekwisha kuunguliwa na nyumba.

Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo waliokuwa wakikimbia vita, wengi wao kutoka Kivu ya Kusini, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Kandoni mwake zilikuwapo kambi za Warundi: Mtabila na Muyovosi huko Kasulu, Nduta, Mtendeli, Kanembwa na Karago katika Kibondo ya wakati ule, kabla Wilaya ya Kakonko haijamegwa kutoka humo. Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012, na wengi wakadhani kwamba habari ya wakimbizi wa Kirundi imekwisha. Haikwisha. Aprili 2015 Burundi ilichafuka tena. Nyarugusu ikafurika hadi kupita watu 150,000. Nduta ikafunguliwa upya Oktoba mwaka huo huo, na Mtendeli Januari 2016, ambayo nayo ilifungwa tena mwaka 2021. Miongoni mwa waliopokelewa mwaka 2015 walikuwamo watu waliokuwa wakikimbia kwa mara ya pili, wengine kwa mara ya tatu. Yaani yupo mtu aliyezaliwa kambini, akarejeshwa kwao, akalima msimu mmoja au miwili, kisha akajikuta tena chini ya turubai katika msitu ule ule alimozaliwa.

Hebu tumfikirie mtu wa namna hiyo. Hatumtaji jina, kwa sababu hatumsemi mtu mmoja. Tunasema juu ya hali. Ni mwanamume wa miaka arobaini. Kwao alikuwa na migomba, mbuzi watatu na neno lililosikilizwa ukooni. Kambini hana shamba. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 haimruhusu kutoka nje ya eneo la kambi bila kibali, basi kibarua cha kijijini anakifanya kwa kujificha, na akishikwa anafungwa. Unga wa mahindi, maharage na mafuta hutoka kwenye shirika. Sabuni hutoka kwenye shirika. Mke wake anapogombana naye haendi tena kwa wazee, huenda ofisini kwa shirika. Mtaalamu mmoja wa Denmark, Simon Turner, aliyekaa na Warundi wa kambi ya Lukole huko Ngara, kaskazini ya Kibondo, katika miaka ya 1990, aliyasikia manung'uniko hayo kwa wanaume wenyewe: kwamba Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi limekuwa ndilo mume, nao wamebaki kuwa watoto wa nyumbani. Si maneno ya mzaha. Mwanamume anayeamini hivyo amekwisha kuondolewa kitu ambacho hakuna mgao unaoweza kukirudisha.

Na saa zake za mchana azitumie kwa jambo gani? Hapo ndipo pombe inapomkuta. Kikombe cha kwanza hakimpi ulevi, kinampa shughuli. Kinampa mahali pa kwenda asubuhi, wenzake wa kukaa nao, na mazungumzo ambamo yeye bado ni mtu wa migomba na mbuzi. Cha pili kinamsahaulisha. Usiku, kile alichokiona njiani siku aliyokimbia humrudia ndotoni, naye amegundua kwamba akilala amelewa, hakioni. Hii ndiyo siri ambayo watibabu wengi huipita bila kuitazama: mlevi hakuanza kwa kupenda sumu. Alianza kwa kupata dawa iliyomfaa, na baadaye dawa ile ikamgeukia.

Upande wa pili wa kikombe yuko mwanamke anayekipika. Katika kambi nyingi duniani nafaka ya mgao hugeuzwa pombe, na mpishi aghalabu ni mjane au mke aliyeachwa, ambaye kwa mauzo hayo hununua chumvi, madaftari na kitenge. Mwezi Machi na Juni 2023, fedha za wafadhili zilipopungua, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilipunguza mgao wa wakimbizi walioko Tanzania hatua kwa hatua hadi ukafika nusu ya kiwango kinachostahili. Masoko ya pamoja, yaliyowakutanisha wakimbizi na wanavijiji, yalikuwa yamekwisha kufungwa miaka kadhaa kabla. Tunauliza kwa nia njema: mama huyo aliyefungiwa soko na kupunguziwa unga, anapomwagiwa pipa lake na askari, kesho yake tunatazamia afanye nini? Atapika tena, ila safari hii atapika gongo badala ya pombe ya ndizi, kwa sababu gongo huchukua nafasi ndogo, hufichika kwenye chupa, na hulewesha upesi. Msako usio na kitu kingine nyuma yake huwafundisha wapishi kupika kikali zaidi.

Tusidhani kwamba mambo haya ni ya wakimbizi peke yao. Wenyeji, Waha wa Heru na Muhambwe, wameijua pombe ya ndizi tangu enzi za mababu, na zamani hizo ilikuwa na wakati wake: ilinywewa kwenye posa, kwenye matanga, kwenye kazi za ujima, na mbele ya wakubwa waliojua kumwambia mtu kwamba imetosha. Kisha walikuja wakala wa mkonge. Kuanzia mwaka 1944 chama cha kuajiri vibarua cha wenye mashamba, kilichojulikana kwa jina la SILABU, kiliifanya Kasulu na Kibondo kuwa ghala la kuchotea manamba wa Tanga. Mwanamume alikwenda mwaka, miwili, mitatu. Alirudi na shuka, baiskeli, na mara nyingi na mazoea ya kunywa peke yake jioni ya siku ya mshahara. Utaratibu wa kale wa kikombe ulikatika hapo, na viroba vya miaka ya karibuni viliupiga msumari. Serikali ilifanya vema kuvipiga marufuku viroba hivyo kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Lakini kupiga marufuku mfuko wa plastiki si kumtibu aliyekuwa akiufyonza.

Sasa tuje kwenye tiba yenyewe, maana hapa ndipo mambo yanapochanganywa.

Visiwani kwetu tumeizoea arosto. Tunajua jinsi mtumiaji wa heroini anavyojikunja, anavyotapika, anavyolia kwa maumivu ya mifupa; na tunajua pia kwamba, pamoja na mateso yote hayo, ni nadra kwa arosto peke yake kumuua mtu mwenye afya. Kwa pombe sivyo. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miaka, akizuiwa ghafla, huweza ndani ya siku mbili tatu kupata kifafa, kuona wadudu wasiokuwapo, kuweweseka, kuungua homa na kufa. Ndiyo maana mnywaji wa asubuhi anayesema anakwenda "kuzimua" hasemi uongo mtupu: mwili wake umekwisha kuipanga pombe katika hesabu zake, na ukiikosa unapiga kelele. Jamaa wanaomfungia ndugu yao chumbani ili pombe imtoke, na hata viongozi wa dini wanaowafungia walevi kwenye nyumba za maombi bila mganga wa hospitali karibu, wanacheza na roho ya mtu pasipo kujua. Anahitaji kitanda, vidonge vya kutuliza vinavyopunguzwa siku hadi siku, na vitamini B1 kwa ajili ya ubongo uliokaa muda mrefu bila chakula. Dawa hizo si za ajabu wala si za bei kubwa. Hospitali ya Wilaya ya Kibondo, Hospitali ya Kabanga huko Kasulu na hospitali ya mkoa ya Maweni haziwezi kushindwa na kazi hiyo, iwapo zitaambiwa kwamba ni kazi yao.

Lakini hiyo ni wiki moja. Baada ya wiki hiyo mwili umetulia, mikono haitetemeki, mgonjwa anakula. Daktari anatia saini, na mtu anarudi kwenye turubai lile lile, kwa wenzake wale wale, akiwa na mchana mrefu ule ule usio na kazi. Mwezi haupiti amelewa. Ndipo tunapomwambia kwamba hana shukrani.

Hapa yafaa tukumbuke jambo lililowashangaza Wamarekani baada ya vita vya Vietnam. Mwaka 1971 ilibainika kwamba askari wengi sana walikuwa wakitumia heroini kule. Karibu mmoja kati ya watano alikuwa amekwisha kunaswa. Serikali yao iliingiwa na hofu kwamba itapokea jeshi la waraibu. Mtaalamu Lee Robins aliwafuatilia askari hao waliporudi nyumbani, akakuta kwamba katika mwaka wa kwanza ni wachache mno, yapata watano katika kila mia ya waliokuwa wamenaswa, walioirudia hali ile. Hawakuwa mashujaa kuliko vijana wetu wa Kikwajuni au Wete. Walikuwa wameondoka mahali pa hofu, pa uvivu wa kulazimishwa na pa heroini ya bei rahisi, wakarudi kwa mama, kwa kazi na kwa mtaa usiowakumbusha sindano. Uraibu hukaa ndani ya mtu, ndiyo, lakini hukaa pia katika njia anayopita, harufu anayoisikia, saa ya jioni, na uso wa rafiki. Mkimbizi wa Nduta au Nyarugusu ni askari ambaye hakurudishwa nyumbani. Tukimtibu mwili na kumrudisha palepale, tumefanya nusu ya kazi, na ile nusu iliyo nyepesi.

Nusu iliyobaki ni ya akili na moyo, na hiyo haifanywi kwa karipio. Tunajua kwamba sentensi hii haitawapendeza wakubwa wetu wengine, ambao kwa kila mlevi wana jibu moja: mahabusu, kiboko, na hotuba. Lakini tazameni wenyewe linalotokea mtu anapokaripiwa. Anajitetea. Kila ukimwambia "pombe imekuharibu," yeye hutafuta sababu ya kukuonyesha kwamba haijamharibu, na kadiri anavyojisikia akijitetea ndivyo anavyozidi kuamini utetezi wake. Mwaka 1983 mwanasaikolojia wa Kimarekani, William Miller, aliandika juu ya njia iliyo kinyume na hiyo, njia ambayo leo hutumika katika nchi nyingi: mshauri huuliza, husikiliza, humwacha mnywaji mwenyewe ataje anachokipata katika pombe na anachokipoteza, hata maneno ya kutaka kubadilika yatoke kinywani mwake. Neno alilolisema mwenyewe mtu hulilinda. Mzee yeyote wa Kiha au wa Kimakunduchi aliyewahi kusuluhisha ndoa anaijua hekima hii bila kusoma kitabu. Lililo jipya ni kuifanya kuwa tiba yenye utaratibu, inayofundishika na kupimika.

Wala si lazima tungojee madaktari wa akili, ambao nchi hii inao wachache mno. Huko Eldoret, magharibi mwa Kenya, Rebecca Papas na wenzake waliwafundisha watu wasio madaktari kuongoza vikundi vya wanywaji wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Vikundi vilikutana mara sita, mara moja kwa wiki, vikijifunza kuzitambua saa za hatari, kukataa kikombe cha rafiki bila kumvunjia heshima, na kujaza pengo la jioni. Matokeo ya kwanza yalitangazwa mwaka 2011, na ya jaribio kubwa zaidi, lililowahusisha watu zaidi ya 600, mwaka 2021. Yote mawili yalionyesha kwamba unywaji ulipungua. Huko Goa, bara Hindi, washauri wa kawaida waliofunzwa waliongea na wanaume walevi mara nne tu au chini ya hapo, kwenye vituo vya afya vya kawaida, na mwaka 2017 ikaonekana kwamba wengi zaidi waliacha kunywa kuliko wale waliopewa huduma ya kawaida. Nyarugusu yenyewe si ngeni kwa kazi za namna hii. Mradi wa utafiti ulioitwa Nguvu uliwakusanya wanawake wa Kikongo waliodhulumiwa na wenzi wao, ukaunganisha ushauri wa usalama wao na mbinu ya kuyapima na kuyasahihisha mawazo yanayowatesa. Ikiwa yawezekana kumsaidia mke aliyepigwa kwa njia hiyo, kwa nini isiwezekane kumfikia mume aliyempiga kabla hajanyanyua mkono?

Kigoma ina bahati moja ambayo hatujaona ikitumiwa ipasavyo, nayo ni lugha. Kiha na Kirundi ni ndugu wa tumbo moja. Muha wa Kibondo na Mrundi wa Ruyigi huelewana bila mkalimani. Wakongo wa Fizi na Uvira nao husema Kiswahili, chenye ladha yake, lakini Kiswahili. Ushauri wa nafsi hauwezi kupita vizuri katika kinywa cha mkalimani: mtu anayetaka kusema kwamba alikimbia akamwacha mama yake, hatalisema mara mbili. Mhudumu wa afya wa kijiji cha Kasulu, aliyemaliza kidato cha nne na anayejua lugha ya mgonjwa, aweza kwa jambo hili kuwa na thamani kuliko mtaalamu aliyetoka mbali na shahada zake. Afundishwe maswali kumi yale ya Shirika la Afya Duniani ya kupima unywaji. Afundishwe kumtambua mgonjwa wa kupelekwa hospitali upesi. Juu ya yote afundishwe kunyamaza mwenzake anapolia.

Yupo atakayesema: mnawatetea watu wanaowapiga wake zao. Hapana. Mwaka 2000 shirika la Human Rights Watch lilichapisha taarifa ndefu juu ya wanawake wa Kirundi waliokuwa wakipigwa na kubakwa katika kambi za Tanzania, na aliyeisoma hawezi kuwa na haraka ya kuwasamehe waume. Ulevi si kibali cha kupiga. Anayepiga ashitakiwe, na mke awekwe mahali pa salama kwanza, kabla ya mazungumzo yoyote ya tiba. Lakini kifungo kina mwisho, na siku ya mwisho wake mtu yule yule anarudi kwa mke yule yule. Anayeitakia familia hiyo salama atataka kujua ni nini kilichofanywa ndani ya mtu huyo katika miezi aliyokuwa chini ya ulinzi wa Serikali. Mara nyingi jibu ni kwamba amefyeka majani.

Na yupo mwingine, huyu tunamheshimu zaidi, atakayesema kwamba mwanakijiji wa Kasulu hana huduma hiyo, iweje apewe mgeni? Ana haki. Miongozo ya mashirika ya kimataifa juu ya afya ya akili katika dharura, iliyotolewa mwaka 2007, ina sehemu nzima juu ya kupunguza madhara ya pombe na dawa za kulevya. Lakini miongozo huja na magari ya mashirika na huondoka nayo. Kambi zimefunguliwa na kufungwa, na kila ilipofungwa moja, washauri waliofunzwa kwa fedha nyingi walitawanyika. Vijiji vilivyozizunguka vilibaki na misitu iliyokatwa na kiu ile ile. Kwa hiyo kikundi cha wanywaji wanaotaka kuacha kisiwe cha kambi peke yake. Kikae kwenye zahanati ya kijiji, chini ya halmashauri, kimpokee Muha na Mrundi na Mkongo pamoja, ili siku turubai la mwisho litakapokunjwa kiti cha mshauri kibaki.

Turudi sasa visiwani, maana tulisema kwamba tumelipa karo. Mwaka 2009 ndipo nyumba za kwanza za kuwasaidia waraibu kupata nafuu, ambazo mtaani tunaziita soba hausi, zilipoanza Unguja, zikifuata hatua kumi na mbili zilizotokana na chama cha walevi walioacha, kilichoasisiwa Marekani mwaka 1935. Wengi tulizitilia shaka. Tulisema hizi ni desturi za Kikristo, tukasema vijana watajifunza humo ujanja mpya. Vijana wakatuonyesha kwamba mtu aweza kuswali swala tano na kuzifuata hatua hizo bila mgongano, kwa kuwa kiini chake ni jambo moja: aliyekuwa teja anakaa mbele ya teja na kumwambia, "Nilikuwa ulipo." Baadaye ilikuja methadoni, Muhimbili kuanzia Februari 2011 na kwetu Kidongo Chekundu mwaka 2015, ikawapa wengi utulivu wa mwili wa kuweza hata kusikia wanachoambiwa.

Methadoni haiwezi kwenda Kasulu kumtibu mnywaji wa gongo. Ni dawa ya heroini na jamii yake, na pombe haina dawa ya namna hiyo ya kunywewa kila asubuhi dirishani. Kinachoweza kwenda ni ile sehemu nyingine, sehemu ya binadamu na binadamu. Nasi tukiri kwa haya kidogo kwamba hata hapa nyumbani hatujaieneza vya kutosha. Nyumba zetu zilianzishwa hasa kwa ajili ya heroini. Mnywaji wa pombe wa Unguja, katika jamii ambamo kunywa kwenyewe ni aibu, hujificha kuliko teja. Hunywa mbali na mtaa wake, hurudi usiku kwa kificho, na mara nyingi familia hulijua jambo lake siku macho yanapokuwa ya manjano. Aibu ile ile inayomfanya Mrundi anywe kwa sababu amekuwa si mume, humfanya Mzanzibari asitibiwe kwa sababu ataonekana si Muislamu. Ya kwanza humsukuma mtu kwenye kikombe, ya pili humzuia asitoke. Mtibabu asiyejua kuzungumza na aibu hataweza kumtibu yeyote kati yao.

Basi tunayo haja ndogo tunayoipeleka kwa wahusika: Wizara ya Mambo ya Ndani inayosimamia wakimbizi, Wizara ya Afya, halmashauri za Kasulu, Kibondo na Kakonko, na wenzao wa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar. Hatuombi jengo. Hatuombi kongamano, makongamano juu ya dawa za kulevya yamekwisha kufanyika mengi, na chakula chake cha mchana tumekila. Tunaomba watu wawili waliopata nafuu katika soba hausi za Unguja, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, wenye miaka mingi bila kugusa kitu, wapewe ruhusa na nauli. Wapande boti hadi Dar es Salaam, wapande gari-moshi la reli ya kati hadi Kigoma, kisha basi la Kasulu. Wakae huko miezi mitatu pamoja na wahudumu wa afya kumi au kumi na wawili wanaojua Kiha, na wakimbizi kadhaa wanaojua Kirundi na Kiswahili cha Kongo. Asubuhi wafundishe wanachokijua. Mchana wakae na wanywaji.

Na askari polisi wa wilaya wapewe karatasi moja ya maagizo: kwamba anayekamatwa amelewa, bila kosa jingine, apelekwe zahanati kwanza. Na mkuu wa kambi apewe uwezo wa kutenga ekari chache ambazo wanaume waliomo katika kikundi watalima mboga na kuziuza kwa halali, kwa kuwa mshauri hawezi kuijaza peke yake siku yenye saa kumi na mbili za mwangaza.

Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi, posho yao ya miezi mitatu, madaftari, na vidonge vya vitamini B1 vya kutosha wilaya tatu: tumejaribu kupiga hesabu hiyo hapa ofisini, na kila tulipoirudia ilitoka chini ya gharama ya magari ya msafara mmoja wa kukagua kambi. Tungependa kusikia kutoka kwa ofisi yoyote iliyopata hesabu tofauti.